Mzuka Hataosha Vyombo

Hizi hadithi za mwanamke anayependana na mzuka zimezidi sasa. Mwanamke kahamia nyumba kuukuu, usiku anasikia nyayo kwenye ngazi, taa inachezacheza, mara kwenye kioo anatokea kijana mtanashati aliyekufa miaka mia moja iliyopita, shati jeupe, macho yamejaa huzuni. Wanapendana. Analia, naye analia, basi, kwisha. Na vyombo je? Nani anaviosha? Hakuna anayeuliza! Watunzi wanaruka kutoka kwenye kioo hadi kwenye machozi, utadhani hapo katikati hakuna Jumatatu.

Haya, kwanza tuhakikishe bwana mwenyewe yupo. Dada anaumwa kichwa, kifua kinambana, anasikia nyayo, anahisi mtu kasimama nyuma yake, papo hapo anasema ni mahaba. Mahaba gani? Angalia jiko! Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha au bomba la moshi lililoziba, na ikiingia mwilini hung'ang'ania damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni. Mwaka 1921 daktari William Wilmer alichapisha, tena katika jarida la madaktari wa macho huko Marekani, habari za familia iliyosikia nyayo na kengele na kuona watu wasiowajua ndani ya nyumba. Kumbe tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, linamwaga sumu vyumbani. Dalili moja ya kuangalia: kichwa kikipoa ukitoka nje, kikianza tena ukirudi ndani, huyo si mchumba. Toka na watu wako wote, ita fundi, mapenzi yatasubiri. Na kama mgeni aliyekuja kukutembelea naye anaumwa kichwa, usianze kuona wivu.

Kuna na yule anayekuja ukiwa umelala chali. Anakukalia kifuani, kidole hakinyanyuki, sauti haitoki, baada ya dakika moja au mbili anaondoka bila kuaga. Hilo ni jinamizi. Ubongo umeamka, misuli bado imefungwa ili usirushe mateke ndotoni. Lala ubavu uone. Mwanaume anayekuacha kwa sababu umegeukia ukutani hakuwa na nia tangu mwanzo.

Halafu feni. Mhandisi Vic Tandy wa Uingereza aliandika mwaka 1998 jinsi kivuli cha kijivu kilivyomtokea pembeni ya jicho akiwa kazini, na jasho likamtoka. Alipochunguza akakuta feni mpya ya kutolea hewa inaitikisa hewa ya chumba mara 19 hivi kwa sekunde, mtikisiko wa chini mno kwa sikio kuusikia, ila mwili unaupata. Feni ikarekebishwa, mzuka akaacha kazi.

Sawa, tuseme moto uko salama, unalala ubavu, feni imezimwa, na bwana bado yupo. Hongera. Sasa ndipo shida zinapoanza.

Anapita ukutani. Mbona hazami sakafuni? Mtunzi ananyamaza hapo, anajitia hamnazo. Angalau masimulizi ya zamani yana utaratibu: mzuka hukanyaga sakafu ya enzi zake. Pale Treasurer's House, nyumba ya kale mjini York, Uingereza, fundi bomba kijana alisema kwamba mwaka 1953, akiwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, aliona askari wa Kirumi wakipita wameonekana kuanzia magotini kwenda juu, kwa kuwa barabara yao ya kale iko chini ya sakafu. Sasa piga hesabu nyumbani kwako. Kama mwenye nyumba alipandisha sakafu sentimita 40 ili kuzuia maji, kijana mtanashati wa futi sita anakufikia kidevuni. Na ngazi zikihamishwa, atakuwa anapanda hewani kila usiku katikati ya sebule, na wewe una wageni.

Lakini linalonichefua hasa ni uvivu wake. Tunaambiwa mzuka akikaribia chumba kinapoa, eti anavuta joto la hewa ili apate nguvu za kuonekana. Vizuri, tuchukue maneno yao yenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 2.7, kina hewa ya kilo 52 hivi. Ukiipoza nyuzi 1 tu ya Selsiasi, unapata kama juli 52,000. Kikombe cha gramu 250 kukinyanyua mita 1 kunahitaji juli 2.5. Yaani kwa nyuzi moja bwana angenyanyua kikombe zaidi ya mara elfu ishirini! Na hadithi zenyewe zinasema anaposhuka ngazi pumzi yako inatoka kama moshi, kwa hiyo nyuzi kavuta nyingi mno. Zote zinaishia kwenye kusimama mlangoni na kusema "nakungoja milele". Usimwonee huruma. Nguvu anazo, tena za kusogeza kabati. Hataki tu.

Na kitandani? Binadamu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, ndiyo maana wawili chini ya blanketi moja wanapata usingizi. Huyu hatoi hata wati moja, na bado anavuta zako. Blanketi la pili linunue mapema, liwe upande wako. Kufua tu ndiko utapumzika: shati ni lile lile alilofia, halichafuki. Ila ukilichoka, umelichoka. Na kabla hujamwita mtanashati, muulize alikufa akiwa amevaa nini, maana wengi hufia vitandani.

Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Huyu hana mapafu. Ukimtambulisha kwa ndugu wataona kiti kitupu na wewe unakichekea.

Hapo hatujagusa kuhama. Kabla ya kuahidiana chochote, jua amefungwa na nini, kwani mzuka hufungwa na mahali, na kitu, au na mtu. Wa mahali hahami: kodi ikipanda, ndoa imekwisha. Wa kitu unaweza kumbeba, lakini ukiuza kabati umeuza mume, na aliyelinunua atakuja kulalamika kwamba kuna mtu anaimba ndani usiku. Wa mtu ndiye mbaya zaidi, anakufuata hadi bafuni, tena hajui kubisha hodi kwa sababu mlango kwake si kitu.

Ndoa halali nayo usiitegemee sana. Ufaransa inaruhusu kuoana na aliyekufa, kwa kifungu cha 171 cha sheria yao ya kiraia, kilichotokana na maafa ya bwawa la Malpasset, lililobomoka huko huko mwaka 1959. Kibali hutoka kwa rais mwenyewe, na lazima kuwe na ushahidi kwamba marehemu alikubali akiwa hai. Ndoa inahesabika kuanzia siku moja kabla ya kifo. Mzuka uliyekutana naye kwenye kioo atatoa wapi ushahidi huo, wakati hata bibi yako alikuwa hajazaliwa? Na hata ukifaulu, sheria inasema mjane harithi kwa ndoa hiyo. Baridi yote hiyo, halafu hurithi!

Angalia pia mdomo wako. Huko Nyack, jimbo la New York, mwenye nyumba mmoja alikuwa akisimulia mizuka wake kwenye magazeti. Siku ya kuuza akanyamaza. Mnunuzi akagundua, akaenda mahakamani, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikatamka kwamba nyumba ile kisheria ina mizuka: mwenyewe aliitangazia dunia, hawezi tena kukana. Mnunuzi akaruhusiwa kuvunja mkataba. Kwa hiyo dada, kama umeshampigia debe bwana wako mtaa mzima, siku ya kuuza mwandike pamoja na kasoro nyingine: paa linavuja upande wa jikoni, bomba la bafuni linadondosha, na mwanaume yupo kwenye ngazi kuanzia saa tisa usiku, hahamishiki.