Pencheni Jamii si fadhila, wazee walishalipa

Kila inapotajwa Pencheni Jamii, yaani malipo ya kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi hapa Zanzibar, hakosi mtu wa kusema kwamba serikali inawazoesha watu vya bure. Wasemaji wakubwa ni vijana wenye kazi na wafanyabiashara, wanaolalamika kuwa kodi yao inawalisha wasiofanya chochote. Maneno hayo yananiuma, na ubaya wake mkubwa ni kwamba si ya kweli.

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar humlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani, mvuvi au mama wa nyumbani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Fedha hizo hutoka katika hazina yetu wenyewe. Zigawe kwa siku 30 uone: hazifiki shilingi 1,700 kwa siku. Nani ataacha kazi yake kwa kuzisubiri?

Hao wanaoitwa wasiofanya chochote ni nani hasa? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwanamke wa Paje au Jambiani aliyekianza akiwa na miaka 35 alitimiza 70 mwaka 2024. Muda wote huo kila bamvua alishuka pwani, akainama juani ndani ya maji ya chumvi akifunga miche kwenye kamba, kisha akauza kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ambao mwajiri humchangia mfanyakazi wake, ulipoanzishwa mwaka 1998, yeye hakuwa na mwajiri wa kumchangia. Lakini alinunua sukari, mafuta ya taa, sabuni na vitambaa, na ndani ya bei ya bidhaa hizo mna kodi. Hajawahi kuiona hati ya mshahara, ila kodi amelipa maisha yake yote.

Pemba deni ni kubwa zaidi, na hapa naomba wenzangu wanisikilize vizuri. Baada ya Mapinduzi, karafuu zote ziliuzwa kwa serikali, kwa bei ya serikali. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, lakini mkulima aliyepanda mkarafuuni, akachuma, akachambua makonyo na kuanika majamvini alipewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Iliyobaki ilikwenda serikalini. Aliyejaribu kuvusha karafuu kwenda Kenya alisakwa kwa magendo. Ilikuwa kodi nzito mno, ingawa haikuitwa hivyo, na mkulima hakuwa na pa kuikwepa. Ni fedha hizo zilizoijenga nchi. Elimu ilitangazwa kuwa bure Septemba 1964, na wazazi wetu wengi walikaa kwenye madawati yaliyolipiwa na karafuu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha malipo ya mkulima hadi takriban asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na hilo nalishukuru. Lakini aliyechuma mwaka 1975 hakurejeshewa kitu. Leo akipokea 50,000 kwa mwezi, tunamwambia anakula jasho letu?

Wapo wanaosema, basi wapewe masikini peke yao. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini kila mahali panapochaguliwa masikini, fitina huingia. Mpango wa kunusuru kaya masikini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, umewasaidia wengi, sikatai, ila mwaka 2016 ilibidi maelfu ya kaya zisizostahili ziondolewe kwenye orodha zake, na aliyekosa mara nyingi ni yule asiye na wa kumsemea kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Umri haubishaniwi hivyo. Na tajiri wa miaka 70 anayepokea elfu hamsini naye amelipa kodi; simuonei choyo.

Linalonigusa zaidi ni hofu ya wengine kwamba, kwa kuwepo pencheni, watoto watawatelekeza wazee wao. Mimi naona kinyume. Bibi mwenye chake mkononi humnunulia mjukuu madaftari, hutia mchango wake kwenye harusi, hukaa kikaoni kama mtu mwenye sauti. Mtoto aliyemtupa mzazi wake alimtupa tangu zamani. Nyumba ya wazee ya Sebleni ilikuwepo miongo mingi kabla ya pencheni hii. Kumtunza mzazi ni wajibu wangu mbele ya Mwenyezi Mungu, na hakuna shilingi ya serikali inayonivua wajibu huo. Sisi Waislamu tunalijua jambo hili vizuri: zaka ni haki ya masikini ndani ya mali ya mwenye nacho, na aliyeitoa hawi kwa hilo ameshamaliza wajibu wake kwa wazazi.

Tukitaka kweli kuzungumza juu ya uwajibikaji wa mtu binafsi, basi tuanzie dukani. Unanunua simu au mabati, muuzaji anakuuliza kwa sauti ya chini, "Na risiti au bila risiti?" Bila risiti bei inashuka. Mnunuzi anafurahi, muuzaji anafurahi, na kodi ambayo ingekwenda kwa mkulima wa mwani wamegawana wao wawili. Kisha muuzaji huyohuyo jioni anakaa barazani kuwalaumu wazee kwa uvivu. Kodi ya mwani na karafuu haikuwa na mlango wa nyuma. Yetu inao, na tunaupita kila siku tukiona ni ujanja.

Serikali nayo ina lake. Kuanzia 2016 hadi 2023 kiwango kilibaki 20,000, miaka saba, huku mchele, samaki na nauli vikipanda. Mzee hana nguvu ya kugoma. Nataka kiwango hiki kiangaliwe kila mwaka kulingana na bei za vitu, kiandikwe wazi kwenye bajeti, na Baraza la Wawakilishi lielezwe ni wazee wangapi wamelipwa katika kila wilaya na wangapi wamekosa kwa sababu ya vitambulisho. Mwakilishi wa jimbo lako akija kuomba kura, muulize hilo kabla ya barabara.