Muhogo Mchungu na Vita ya Msumbiji

Kijiweni Mwenge, karibu na wachonga vinyago, ubishi wa Msumbiji hauishi. Wachongaji wengi pale asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma, na FRELIMO yenyewe, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji na kisha kuitawala, ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, Juni 1962. Ukidai kwamba vita ya 1977 hadi 1992, kati ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, iliwashwa na FRELIMO kwa kuwasomba wakulima na kuwaweka kwenye vijiji vya pamoja, hapakaliki. Juzi mzee mmoja alimjibu kijana aliyeleta hoja hiyo: "Mwanangu, na sisi tulipakiwa kwenye malori mwaka 1974. Mbona hatukuchinjana?"

Swali hilo zito kuliko mzee alivyokusudia. Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya Watanzania, na kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili mtu asirudi nyuma. Bunduki hazikulia. Kwa hiyo vijiji peke yake havitoshi kueleza vita. Msumbiji ilipakana na Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambayo idara yake ya ujasusi ndiyo iliyoiunda RENAMO, na baada ya 1980 Afrika Kusini ya makaburu ikaipokea na kuilisha. Sisi jirani wa namna hiyo hatukuwa naye.

Wanaoilaumu RENAMO wana ushahidi mwingine mzito. Mwaka 1988 Robert Gersony aliwahoji wakimbizi karibu 200 kwa niaba ya serikali ya Marekani, ambayo haikuwa na sababu ya kuipendelea FRELIMO, akakadiria kwamba raia wapatao 100,000 walikuwa wameuawa na RENAMO. Familia zilizokuwa chini ya waasi zilitoa gandira: chakula cha lazima kwa wapiganaji, na mgongo wa kubebea mizigo.

Lakini kijana naye hakuwa mjinga. Huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kijiji cha pamoja kilimaanisha kuacha makaburi ya wazee na kutembea mwendo mrefu kulifikia shamba la zamani, huku chifu akigeuzwa mtu wa kuchekwa mbele ya watu wake. Waasi walipofika katikati ya miaka ya 1980 wakisema rudini mlikotoka, wako machifu waliowafuata pamoja na watu wao. Mimi sioni kwamba walipenda RENAMO. Walipenda mashamba yao, na RENAMO ndiyo iliyoyataja. Walikuja kugundua bei yake baadaye.

Ninapoachana na kambi zote mbili ni pale zinapohesabu familia ya mkulima kama mfuasi wa huyu au wa yule. Aliyelala na silaha kijijini usiku ndiye aliyelishwa asubuhi. Ukitaka kujua vita ilivyoingia ndani ya nyumba, uliza habari za muhogo.

Muhogo mchungu ni akiba ya mwenye hofu. Hauchomeki kama ghala, nguruwe hawaupendi, na unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukikungoja. Ila una sumu, na sumu hiyo hutolewa kwa subira: kumenya, kuanika juani siku nyingi hadi upate makopa makavu, ndipo utwange. Sasa mama anayekimbilia porini kila akisikia risasi ataanika wapi, na nani atalinda ungo? Katika wilaya ya Mogincual, huko huko Nampula, mwaka 1992 na 1993, familia zilifupisha kazi hiyo, nyama na samaki wa kitoweo hawakuwapo, na watu, hasa watoto na kina mama, wakakakamaa miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao wenyeji huuita mantakassa. Miguu ya namna hiyo hainyooki tena. Hakuna aliyewapiga risasi, na sidhani kama kwenye hesabu za waliojeruhiwa vitani wamo.

Hapo ndipo ninapomhukumu kila mmoja kwa kosa lake. FRELIMO ilimwondolea mkulima uamuzi wa mahali pa kulima. RENAMO, kwa kisu na kwa gandira, ilimwondolea hata muda wa kuanika. La pili ni baya zaidi, na sioni haya kulisema, japokuwa la kwanza ndilo lililofungua mlango.

Mkataba wa amani ulisainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Wakimbizi walikuwa kama milioni 1.7, zaidi ya nusu yao Malawi. Wengi hawakungoja malori ya Umoja wa Mataifa. Walirudi kwa miguu, na wengi hawakwenda kwenye vile vijiji, bali kule kwenye mashamba ya zamani.