Kompyuta Kuukuu Bado Inaweza Kuonyesha Picha

Kompyuta nyingi zinazopelekwa stoo kwa madai kwamba zimechoka huwa zimehukumiwa kwa kazi moja tu, nayo ni kufungua picha. Mtu anabofya picha iliyotoka kwenye simu, anasubiri, kioo kinabaki cheupe huku diski ikikoroma, kisha anakata shauri kwamba mashine imefika mwisho wake. Naona kwamba mara nyingi lawama hiyo humwangukia asiyestahili. Kinachoshindwa ni programu iliyokabidhiwa kazi ya kufungua picha, na programu hubadilishwa kwa urahisi kuliko kompyuta.

Nyumbani kwetu picha za familia zinakaa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows XP na memori ya megabaiti 512. Humo zimo picha zilizoskaniwa kutoka albamu za wazee, pamoja na zile za miaka ya karibuni zilizohamishwa kutoka kwenye simu. Programu ninayoitumia kuzitazama ni IrfanView, na kwa mashine ya umri huo sijaona inayoishinda. Iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa mji wa Jajce nchini Bosnia na Herzegovina, aliyesoma Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996. Mwaka huo unaeleza mengi. Kompyuta za nyumbani wakati huo zilikuwa na memori ya megabaiti 8 au 16, kwa hiyo mwandishi wa programu alilazimika kupima kila alichokiongeza, na programu iliyozaliwa katika uhaba wa namna hiyo imebaki nyepesi hata baada ya kuongezewa kazi nyingi. Hadi leo faili lake la kusakinisha ni la megabaiti chache tu, na bado linatolewa toleo la biti 32 kwa ajili ya mashine ambazo watengenezaji wengine wamekwisha kuzisahau.

Ili kuelewa kwa nini wepesi huo una maana, inafaa kujua kinachotokea picha inapofunguliwa. Picha ya JPEG, muundo wa faili unaotumiwa na simu na kamera nyingi, yenye ukubwa wa megabaiti 4 kwenye diski imebanwa, na kabla ya kuonekana ni lazima ikunjuliwe. Ikiwa ina pikseli, yaani nukta za rangi, 4000 kwa 3000, hizo ni pikseli milioni 12, na kila pikseli inahitaji baiti 3 za rangi, kwa hiyo ndani ya memori faili lile la megabaiti 4 linageuka kuwa mzigo wa takriban megabaiti 36. Kioo cha zamani chenye pikseli 1024 kwa 768 kina pikseli 786,432 tu, maana yake ni kwamba picha ina pikseli zaidi ya mara 15 ya zile ambazo kioo kinaweza kuzionyesha. Kazi hiyo hata prosesa ya zamani kama Pentium 4 inaiweza. Shida huanza pale programu inapotunza nakala ya pili ya picha hiyohiyo, ikakunjua na picha za jirani, ikaanza kuorodhesha folda nzima, na wakati huohuo ikachora mapambo ya dirisha lake lenyewe. Memori inapojaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno kuliko memori, na hapo ndipo ule mkoromo unaposikika.

Katika studio ndogo za picha, zile zinazopiga picha za pasipoti na kusafisha picha za harusi, nimeona mara nyingi programu kubwa ya kuhariri ikiwa ndiyo iliyowekwa kufungua kila picha. Mteja anaomba kuona picha moja tu, na kijana wa studio anabofya faili kisha wote wawili wanasimama kusubiri programu ya kuhariri ipakie brashi zake, fonti zake na vichujio vyake vyote. Huko ni kukodi lori kwa ajili ya kubeba kikapu kimoja. Kutazama na kuhariri ni kazi mbili tofauti, na kwenye kompyuta yenye memori ndogo kuzichanganya kunamwibia mtu muda wake kila siku. Kuziachanisha si kazi kubwa: unabofya faili la JPEG kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua ni programu gani ilifungue, na unaweka alama ili itumike daima. Programu ya kuhariri inabaki palepale, inaitwa pale tu inapohitajika.

Ukishazoea IrfanView, kipanya chenyewe unakisahau. Kitufe cha nafasi kinaleta picha inayofuata, Backspace inarudisha iliyotangulia, Enter inajaza kioo kizima, na herufi T inafungua ukurasa wa vijipicha vya folda yote. F7 huhamishia picha kwenye folda nyingine na F8 huinakili. Kwa vitufe hivyo vichache mtu anaweza kukaa na mzee wake jioni moja wakapitia picha za ukoo, mzee akitaja majina ya waliomo, naye akizipanga kwa matawi ya familia bila hata mara moja mazungumzo kukatizwa na kompyuta. Kwangu mimi hilo ni jambo zito, kwa sababu mzee anayekumbuka majina hayo hawezi kuombwa asubiri kila picha ijitokeze kwa zamu yake.

Liko jambo moja ambalo watu wengi hulifanya bila kujua madhara yake, nalo ni kugeuza picha iliyolala. Muundo wa JPEG huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, na kila mara picha inapokunjuliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa upya kama JPEG, sehemu ya ubora wake hupotea. Kuigeuza na kuihifadhi mara moja hakutaonekana kwa macho, lakini picha inayopita katika mikono mingi huchakaa, na uchakavu huo haurudishwi. IrfanView, ikiwa imeongezewa programu-jalizi zake, ina njia ya kugeuza bila hasara: unabonyeza Shift na J, nayo inahamisha miraba ile kama ilivyo bila kuibana upya. Kuna sharti moja la kihesabu. Njia hiyo hukamilika vizuri pale ambapo vipimo vya picha vinagawanyika kwa 8, au kwa 16 katika picha nyingi za simu na kamera, na 3000 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo ukingo mmoja unaweza kukatwa pikseli chache. Hata hivyo mimi huchagua kupoteza ukingo mwembamba kuliko kupoteza ubora wa sura za watu.

Wakati mwingine picha haihitaji kugeuzwa kabisa. Simu huandika ndani ya faili alama inayosema kamera ilishikwaje, na programu za zamani, ikiwemo ile ya kutazama picha iliyokuja na Windows XP, haziisomi alama hiyo, ndiyo maana picha inayosimama vizuri kwenye simu inalala kwenye kompyuta. Katika mipangilio ya IrfanView kuna mahali pa kuiamuru ifuate alama hiyo. Weka mpangilio huo kabla hujaanza kugeuza picha moja baada ya nyingine.

Nasisitiza pia matumizi ya herufi B, inayofungua dirisha la kubadilisha picha nyingi kwa mkupuo. Kwa mashine dhaifu hii ni hazina. Folda ya picha za sherehe inaweza kutengenezewa nakala ndogo zenye upana wa pikseli 1024, zikawekwa kwenye folda yake, na hizo ndizo zitakazotazamwa kila siku, huku picha za asili zikikaa salama kwenye diski ya nje. Jambo la lazima ni kuchagua folda tofauti ya kupokea nakala kabla ya kuanza, kwa kuwa nakala ikiandikwa juu ya picha ya asili, ile ya asili imekwenda.

Siwezi kusifu kompyuta ya zamani nikanyamaza kuhusu usalama wake. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na picha si kitu kisicho na hatari kama watu wanavyodhani. Mwishoni mwa 2005 iligundulika kwamba faili la picha la aina ya WMF liliweza kutumika kuendesha programu hasidi kwa kule kutazamwa tu, na Microsoft ikalazimika kutoa rekebisho tarehe 5 Januari 2006 bila kusubiri siku yake ya kawaida. Kompyuta kama hiyo inafaa kuwa ghala na kioo cha kutazamia, isiunganishwe na intaneti, na flashi zinazochomekwa zipimwe kwanza kwenye mashine mpya zaidi. Ikiwa ni lazima itumie mtandao, ushauri wangu ni kuiwekea Linux nyepesi, mfumo wa uendeshaji unaochukua nafasi ya Windows, ambako programu kama feh na GPicView hufanya kazi ya kutazama picha kwa wepesi uleule.

Picha za HEIC, muundo mwingine wa kubana picha ambao iPhone zilianza kuutumia mwaka 2017, zitaisumbua mashine ya XP. Ni heri simu ipangwe kuhifadhi kwa JPEG tangu mwanzo, kuliko kuhangaika kuzibadilisha baadaye.

Kuhusu malipo, IrfanView ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini anayeitumia katika biashara anatakiwa kununua leseni. Nimesikia wenye studio wakisema kwamba kitu kinachopakuliwa bure hakiwezi kuwa na deni. Napinga kabisa. Studio inayomtoza mteja kwa kila picha, na inayotumia kazi ya Škiljan tangu asubuhi hadi inapofunga mlango, inapaswa kumlipa, hasa kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wachache ambao bado wanaandika programu kwa ajili ya kompyuta ambazo sisi ndio tunazozitumia.