Gari la mbio: kuchanga watatu au kukodi? Tazama kalenda kwanza

Msimu wa mbio za magari ukikaribia, mjadala mmoja hurudi kwenye gereji za Nakuru: watu watatu wachange wanunue gari moja la mashindano, au kila mtu akodi siku anayotaka kushindana? Wengi huuanza mjadala huo kwa bei na kuumaliza kwa bei. Bei ina uzito wake, na nitaipigia hesabu hapa chini. Lakini kwa ninavyoujua mchezo huu ninaoupenda, kinachoamua ni kalenda. Siku za mbio ni ngapi kwa mwaka, na je, kanuni za siku hizo zinaruhusu gari moja liendeshwe na zaidi ya mtu mmoja?

Ulaya swali hili lina jibu jepesi. Kule Ujerumani, barabara ya Nordschleife ya Nürburgring, yenye urefu wa karibu kilomita 21, hufunguliwa kwa umma siku nyingi za mwaka. Mtu analipa, anaingia na gari lake, anazunguka. Kandokando yake zipo kampuni zinazokodisha magari yaliyokwisha kufungwa kizimba cha vyuma cha kumlinda dereva gari likipinduka, viti vya mbio na mikanda ya mabega. Zinastahimili biashara hiyo kwa sababu gari moja hutoka leo, kesho na wiki ijayo, na gharama yake inagawanywa kwa wateja wengi.

Sisi hatuna uwanja wa lami unaofunguliwa hivyo, si Nakuru, si Kisumu, si Eldoret. Tulicho nacho ni otokrosi kwenye viwanja vya vumbi, dereva mmoja mmoja akishindana na saa, na rali zinazopita kwenye barabara za mashamba na ranchi. Siku zenyewe ni chache na zimeachana. Kwa hiyo kukodi gari huku mara nyingi ni kukodi kwa dereva mwenzako, ambaye msimu huu hana nafasi ya kushindana au anataka kurudisha sehemu ya alichotumia. Bei ni ya maelewano na masharti ni yake. Siku akitaka kuendesha mwenyewe, wewe huna gari.

Tuchukue mfano wa kubuni, tarakimu ziwe za kufanyia hesabu tu. Gari lenye turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na lililokwisha kufungwa kizimba, linanunuliwa kwa shilingi 900,000 na kuuzwa baada ya miaka 3 kwa 600,000. Limepoteza 100,000 kwa mwaka. Ongeza 140,000 za kila mwaka za mahali pa kulilaza, oili na marekebisho madogo. Kisha weka akiba ya injini au giaboksi, maana ndani ya miaka 3 ya mbio kimojawapo kitakufa: tuseme 250,000, yaani kama 84,000 kwa mwaka. Jumla ni 324,000 kwa mwaka kabla gari halijakanyaga uwanja. Wakiwa watatu, kila mmoja anabeba 108,000. Siku yenyewe ya mbio, petroli, matairi na pedi za breki, tuseme, hula 20,000 kwa kila dereva. Kukodi, tuseme, ni 56,000 kwa siku pamoja na petroli.

Tofauti ya siku moja ni 36,000. Gawanya 108,000 kwa hizo, unapata siku 3. Mshirika anayeendesha siku 3 kwa mwaka yuko sawa na aliyekodi, na kuanzia ya 4 ameanza kuokoa. Anayemiliki peke yake anahitaji siku 9 kufika hapo, na ndiyo maana magari mengi ya mtu mmoja hulala chini ya turubai.

Sasa leta kalenda. Ondoa mvua za Machi hadi Mei, ondoa wikendi za harusi na mazishi, ondoa miezi ya karo. Tuseme zimebaki wikendi 6 mnazoweza kufika. Kama kila wikendi anaendesha mtu mmoja tu, kila mshirika anapata siku 2. Hapo umiliki wa pamoja unamgharimu 148,000 kwa mwaka, wakati kukodi siku hizo mbili kungemtoka 112,000. Wamefunga akiba zao ndani ya chuma na bado wamelipa zaidi. Lakini kama wote watatu wanaweza kuendesha gari lilelile siku ileile, kila mmoja anapata siku 6. Anatumia 228,000 ambapo mkodi angetumia 336,000. Gari ni lile lile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya madereva wanaoruhusiwa kwa siku moja.

Ndiyo maana nasema otokrosi na rali zisiwekwe kwenye kapu moja. Kwenye otokrosi madereva hutoka kwa zamu na mizunguko hurudiwa, kwa hiyo inawezekana mshirika mmoja ashuke, mwingine afunge mkanda na aingie raundi inayofuata, mradi kanuni za siku hiyo zinakubali na kila mmoja amejiandikisha kwa jina lake. Kuna bei ya kufanya hivyo. Breki hazipati muda wa kutosha kupoa, na turbo hukaa kwenye moto mrefu kuliko ilivyozoea. Anayeendesha wa mwisho hupata gari lililochoka na uwanja uliochimbika. Waungwana hupokezana nafasi ya kwanza kutoka siku hadi siku. Nimeona makundi yakinuniana kwa sababu ya zamu hizi kuliko kwa sababu ya pesa.

Rali ni habari nyingine. Gari lina dereva mmoja na mwelekezi mmoja tangu bendera ya kuanza hadi ya kumaliza. Mshirika wa tatu anasimama kwenye kituo cha huduma na funguo za spana. Kwa mbio za namna hiyo umiliki wa watatu ni mgumu kuutetea. Wa wawili, hata hivyo, una mantiki nzuri sana, kwa kuwa viti ni viwili: mmoja anaendesha, mwenzake anasoma maelezo ya njia, na mbio zinazofuata wanabadilishana. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye kiti cha pili, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Hawakuwa na gari jipya la kiwanda, ila walilijua gari lao vizuri.

Kulijua gari ndiyo hoja nzito ya kuchanga, na haionekani kwenye hesabu yoyote. Dereva wa gari la kukodi hutumia nusu ya siku akijifunza klachi inashika wapi na gari linateleza vipi breki zikikanyagwa kwenye kona. Akianza kuelewa, jua limeshuka. Siku nyingine anapewa gari jingine na kuanza upya. Mwenye gari lake hujua sauti ya kila boliti, na huacha kuongeza mwendo kabla ya kitu kuvunjika kwa sababu amesikia. Kwa anayetaka kuwa dereva wa kweli, siku 6 ndani ya gari moja zina faida kuliko siku 6 ndani ya magari sita.

Kuna pia suala la mtaji, ambalo kwetu lina sura yake. Kenya hairuhusu kuingiza nchini magari ya mitumba yenye zaidi ya miaka 8. Mitsubishi iliacha kuunda Lancer Evolution katikati ya muongo uliopita, na Subaru Impreza za turbo ambazo vijana wanazipenda ni za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuingia leo kwa njia ya kawaida. Zilizopo ndizo hizi, na kila moja inayopinduka shambani inapunguza idadi. Hilo linalinda bei ya gari zuri, na kumpa mwenye kuchanga matumaini ya kurudishiwa sehemu ya fedha zake. Upande mbaya wa jambo hilohilo ni kwamba spea zinazidi kuwa adimu, na mwenye kununua ndiye anayezitafuta.

Nakuru ina ugumu wake tena. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Turbo huziba pengo hilo, ndiyo maana kila mtu anaitaka, lakini huja na gharama. Kisha kuna vumbi. Udongo wa majivu ya volkano kuanzia Elementaita hadi Naivasha ni laini kama unga, na waliotazama Safari Rally tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wamewaona madereva wakubwa wakizimikiwa na injini ndani yake. Vumbi hilo likipita kwenye kichujio cha hewa, turbo na injini vimekwisha. Baada ya kila siku ya mbio kuna kazi ya kufungua, kuosha, kukagua beringi na kubadilisha vichujio. Mkodi hurudisha funguo akaenda zake. Wachangaji hukutana Jumatatu gereji, au zaidi hasa anakutana nao yule mmoja ambaye hawezi kulala gari likiwa chafu.

Hapo kukodi kunapata nguvu. Anayeanza, ambaye bado hajui kama ataupenda mchezo huu baada ya mwaka mmoja, sioni kwa nini aingize 300,000 kwenye gari la watu watatu. Akodi kwanza. Na juu kabisa kwenye ngazi, kukodi ndiyo njia ya busara pia. Ford Fiesta ya Rally3, mojawapo ya madaraja ya magari ya rali, ilipotoka iliuzwa karibu euro 100,000, na gari la aina hiyo linahitaji mafundi wanaolifahamu na spea zilizo tayari. Dereva wa kawaida akilipata kwa kukodi pamoja na mafundi wake, amenunua utulivu wa moyo. Kuchanga kunafaa pale katikati: gari lisilo ghali mno, fundi wa jirani anayeliweza, na watu wanaotoka kila mara.

Lakini mkodi asome masharti. Sharti la kawaida ni kwamba ukivunja ni lako, na dhamana inawekwa kabla. Gari likipasua giaboksi siku uliyolikodi, wewe ndiye uliyelipasua, hata kama limechakazwa na waliokutangulia. Dhamana ya 200,000 ikishikwa, siku hiyo moja imekugharimu kuliko mwaka mzima wa kuchanga. Omba mlikague gari wewe na mwenyewe mbele ya fundi, muandike hali ya matairi, klachi na giaboksi, mpige picha. Mwenye gari asiyekubali ukaguzi huo, mwache.

Bima nayo haiwasaidii wote wawili. Sera za kawaida za magari huondoa mashindano ya kasi, na sera ya gari la binafsi haihusu gari linalokodishwa. Peleka gari uwanjani kwa trela, kuliko kuliendesha barabarani ukitumaini karatasi ya bima itakutetea.

Kwa wachangaji, hatari kubwa zaidi iko kwenye jina. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Mkiliandikisha kwa jina la mmoja kwa kuwa ni rahisi, basi siku madalali wakimfuata kwa deni lake, au siku akifariki na familia ikaanza kugawa mirathi, nyinyi wawili mtahitaji ushahidi. Maandishi yaliyosainiwa mbele ya wakili na risiti za benki za kila mchango ndiyo ushahidi huo. Tumezoea vyama, na kila mama wa chama cha mtaani anajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Inashangaza kwamba vijana wanaoandika kila shilingi ya chama cha viti na hema hununua gari la laki tisa kwa kupeana mikono.

Andikeni hasa habari ya ajali. Aliyepindua alipe yote? Mtu ataendesha kwa woga, na akipindua kweli hataweza kulipa, gari litabaki kwenye mawe. Mgawane yote? Asiye na hadhari ataponea kwenye mifuko ya wenzake. Mimi naona njia ya kati ndiyo inayodumu: anayeendesha analipa sehemu ya kwanza, tuseme 60,000, kinachozidi kinagawanywa sawa. Kilichovunjika kwa uchakavu kinatoka kwenye akiba. Ubishi kati ya ajali na uchakavu unaamuliwa na fundi mmoja mliyemkubali kabla, na neno lake ni la mwisho.

Mtu wa Kisumu ana jambo moja la ziada. Nakuru iko umbali wa takriban kilomita 180, na trela ya kwenda na kurudi kila wikendi ya mbio hula kile alichookoa kwa kuchanga. Akitaka kuingia kwenye umiliki, gari lilale kwa fundi wa Nakuru na yeye aje kwa matatu na helmeti yake. Kama washirika wote wako Kisumu na hakuna anayemwamini fundi aliye mbali, basi wakodi huku huku Nakuru, hata kama hesabu ya karatasi inawaambia wanunue.