Ukinunua supakaa iliyotumika, lipia vile usivyoweza kuongeza baadaye

Mtu akianza kutafuta supakaa iliyotumika swali lake la kwanza ni mwaka, la pili mileji, la tatu rangi, halafu basi, anaomba ufunguo asikie injini. Opsheni, yaani vile vitu vya ziada vya kulipia, anakuja kuziuliza mwisho kabisa, au haziulizi. Mi naona hapo ndipo hela nyingi zinapopotelea, maana gari mbili za modeli moja, mwaka mmoja, hata rangi moja, zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa sababu tu ya vile mwenyewe wa kwanza alivyochagua siku anaweka oda kiwandani. Na uzuri ni kwamba yeye alilipa bei kamili ya hizo opsheni, wewe unazipata kwa sehemu tu ya ile hela, kwa hiyo mtu wa pili ndiye anayefaidi akijua anatafuta nini.

Msimamo wangu uko hivi. Kitu ambacho gereji yoyote nzuri inaweza kukufungia hata mwaka kesho, kama rimu, eksozi, vipande vya kaboni fiba vya ndani, stering iliyovishwa kitambaa cha Alcantara, hicho usikiongezee hela nyingi. Lipia kile ambacho kama hakikutoka na gari kiwandani basi ndo hakipo tena, au kukiweka baadaye ni gharama isiyo na maana.

Namba moja kwangu ni lifti ya pua, na sibishani na mtu kwenye hili. Kwenye Lamborghini Gallardo ilikuwa ya kulipia, kwenye Ferrari 458 Italia ya kulipia, kwenye McLaren 12C vilevile, na wengi hawakuichukua kwa sababu haionekani kwenye picha. Inainua mbele sentimita 3 au 4 hivi, unaweza kusema ni kidogo, lakini hizo sentimita ndo tofauti ya kupita kwenye tuta au kuingia mlango wa gereji bila kukwangua bampa la kaboni, na ukinunua gari isiyokuwa nayo utajikuta unachagua njia za kupita kila siku mpaka gari unaanza kuiacha ndani. Kuifunga baadaye ina maana shokapu zingine, pampu, mabomba ya mafuta, nyaya, na kompyuta ya gari ikubali. Ukienda kuikagua usibonyeze mara moja ukaridhika. Inua, sikiliza pampu, inatakiwa ivume muda mfupi inyamaze, ikiendelea kuvuma au pua ikipanda upande mmoja kabla ya mwingine hapo kuna jambo. Iache imeinuka muda kidogo halafu chungulia chini kwenye shokapu za mbele na tochi, mafuta yakivuja utayaona yamelowanisha vumbi pale.

Gia sasa. Ferrari walileta gia za kubonyeza nyuma ya stering, walizoziita F1, kwenye F355 mwaka 1997, na kwenye 360 Modena na F430 zilizofuata wateja wengi wakachukua hiyo ya F1, gia ya mkono ikawa ya wachache. Leo mambo yamegeuka, F430 ya gia ya mkono, ile yenye bamba la chuma lenye njia za gia, inauzwa bei ya juu sana kuliko mwenzake wa F1, na Gallardo na Audi R8 za kwanza ni hivyohivyo, kwa sababu zilizofuata hazikuletwa tena na gia ya mkono, 458 kwa mfano ilitoka na gia ya kujibadilisha ya klachi mbili pekee. Ukiweza kuilipia, lipia. Lakini kama bajeti inakupeleka kwenye F1 au e-gear, ile ya Lamborghini, usione umeshindwa, ni gari nzuri, we hakikisha tu fundi anachomeka kompyuta na kukusomea klachi imebaki kiasi gani, maana hizo gia za klachi moja mtu akizoea kurudi nyuma kwenye kilima anaimaliza mapema. Na kwa vile tofauti ya bei ni kubwa kuna watu wanabadilisha F1 kuwa ya mkono, kazi inaweza kuwa safi kabisa ila hiyo siyo gari iliyozaliwa hivyo na bei yake isiwe moja.

Breki za kaboni seramiki zinahitaji akili kidogo. Porsche walizileta kwenye 911 GT2 mwaka 2001, Ferrari kwenye F430 za mwanzo ilikuwa opsheni, baadaye ikawa lazima. Ni nyepesi sana kuliko diski za chuma, hazitoi lile vumbi jeusi kwenye rimu, na kwa matumizi ya kawaida ya barabarani zinadumu mno. Shida ni kwamba seti nzima ikiisha bei yake inatisha. Zinapimwa kwa uzito zaidi ya unene, uzito wa chini kabisa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe sehemu ya katikati, na ukingo wa diski uupitishie kidole, ukikuta umemeguka jua kuna mtu alivua tairi vibaya akaigonga na rimu. Gari iliyokimbizwa sana kwenye viwanja vya mbio mi ningeipendelea yenye diski za chuma, huo ndo ukweli.

Siti za kaboni fiba zinapandisha bei ya kuuzia, hilo sawa, ila kaa ndani nusu saa kabla hujasema ndiyo, kuna migongo haiziwezi kabisa.

Halafu zipo opsheni zinazogeuka mzigo. Audi R8 zenye shokapu za sumaku, zile zinazobadilisha ugumu zenyewe, zinajulikana kwa kuvuja, na mpya zake ni ghali, kwa hiyo R8 yenye shokapu za kawaida siyo gari pungufu hata kidogo. Redio na ramani za zamani hizo usizihesabu.

Ngao za Ferrari, zile nembo za farasi pale juu ya tairi za mbele, watu wanazipenda na mimi nazipenda, lakini angalia vizuri. Kwenye 360 na F430 za kiwandani zimekaa ndani ya kishimo kilichotengenezwa kwenye bodi, zilizobandikwa baadaye zimekaa juu juu, na muuzaji akikuhesabia kama opsheni wakati ni ya gundi kataa.

Ndo maana mi siamini tangazo, naamini karatasi. Porsche nyingi huwa na stika ya namba za opsheni, 450 kwa mfano ni breki za seramiki, sasa stika ikisema 450 na wewe unaona diski za chuma, uliza za mwanzo ziko wapi, wapo wanaozivua na kuzitunza kwenye boksi, na hilo boksi linatakiwa liondoke na gari. Kwa gari nyingine peleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni wakusomee ilitoka na nini. Muuzaji akishindwa kukuthibitishia, piga bei ya gari kama haina opsheni hata moja, akikataa mwache nayo.