Shangazi, kinachonitisha ni hicho unachokipepea

Julai 2025, Rais Samia alipozindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani, madini yanayoendesha vinu vya umeme wa nyuklia, kule Mto Mkuju, Namtumbo, shangazi yangu wa Mbagala aliniuliza kama na sisi sasa tutakufa kama watu wa Chernobyl. Aliniuliza huku akipepea jiko la mkaa, kwenye chumba chenye kidirisha kimoja na kuta zilizojaa masizi. Anakohoa tangu nikiwa darasa la nne.

"Shangazi, mimi kinachonitisha ni hicho unachokipepea," nikamjibu.

Sisemi Chernobyl ilikuwa jambo dogo. Aprili 26, 1986, kinu hicho cha nyuklia kule Ukraine kililipuka wakati wa jaribio, mifumo ya usalama ikiwa imezimwa, na hakikuwa na jengo zito la zege la kuzuia mionzi isitoke. Wawili walikufa usiku ule, wengine 28 wakafa kwa mionzi ndani ya miezi michache, na wataalamu wakakadiria kuwa saratani ingeweza kuua hadi watu 4,000 zaidi miaka iliyofuata.

Ajali ya Fukushima, kituo cha nyuklia cha Japani kilichopigwa na tsunami mwaka 2011, ndiyo inayoniumiza zaidi. Tsunami iliua maelfu kwa maelfu. Kifo ambacho serikali ya Japani imekihusisha na mionzi ni kimoja. Lakini kuhamishwa kwa haraka, wazee na wagonjwa wakitolewa vitandani, kulichangia vifo zaidi ya 2,000. Hofu yenyewe iliua.

Watafiti wamezihesabu ajali hizo zote mbili pamoja na moshi wa mitambo mingine. Kwa kila uniti bilioni moja za umeme (uniti hizihizi tunazonunua kwa LUKU), makaa ya mawe huua watu wapatao 25, gesi asilia karibu 3, maji 1.3, na nyuklia 0.03, karibu sawa na upepo na jua. Ile 1.3 ya maji imetokana zaidi na bwawa la Banqiao, China, lililopasuka mwaka 1975 na kuua makumi ya maelfu. Hata hivyo hakuna anayesema tulifunge Bwawa la Nyerere, na ni sawa. Tunalilinda na kulikagua.

Moshi wa majikoni, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Hao hawatangazwi redioni.

Tena mionzi hatuiogopi yote. Shangazi mwenyewe alimsindikiza jirani yake Ocean Road kuchomwa mionzi ya saratani, akarudi anawashukuru madaktari.

Wasiwasi wangu uko kwingine: gharama za kujenga, miaka mingi ya kusubiri, na mabaki ya urani iliyotumika kwenye kinu, yenye mionzi, ambayo yatahitaji kulindwa kwa vizazi na vizazi. Hapo nataka wakaguzi wenye meno, wasioweza kupigiwa simu na mkubwa yeyote. Mtu akipinga nyuklia kwa hoja hizo, nitakaa naye hadi usiku. Akiipinga kwa kuogopa tu, huku mwanawe analala kwenye chumba kilichopikiwa kwa mkaa, siwezi kunyamaza.

Shangazi alisikiliza, akafunika sufuria la maharage. Kisha akauliza, "Na huo umeme, uniti itakuwa bei gani?" Nikatoa simu tukaanza kupiga hesabu: maharage kwenye presha kuka ya umeme hayamalizi hata uniti moja.