Rubia wa 1982 na Rubia wa 1990

Jina la Charles Rubia likitajwa Nairobi, mara nyingi hufuatana na la mwanasiasa mwenzake Kenneth Matiba na Saba Saba, ghasia za kudai vyama vingi za tarehe 7 Julai 1990. Wachache huanzia safari yake ilikoanzia: mwaka 1962, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa mkufu wa meya wa jiji hilo, wakati bendera ya Mwingereza ilikuwa ingali inapepea. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa mashujaa wa vyama vingi. Wapo pia wanaosema alikuwa tajiri wa Kanu, chama tawala cha wakati huo, aliyeukumbuka umma baada ya kupokonywa kiti. Hoja hii ya pili siipendi, lakini haistahili kufukuzwa mlangoni.

Tuanze na umeya wenyewe. Meya wa enzi zile hakupigiwa kura na wakazi. Alichaguliwa na madiwani, na utendaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa karani wa jiji. Rubia aliurithi mji uliokatwa vipande kwa rangi ya ngozi: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni na mitaa jirani. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wapatao 266,000. Ile ya 1969, miaka miwili baada ya yeye kuondoka ofisini, ilihesabu kama 509,000, na ingawa mipaka ya jiji ilikuwa imepanuliwa, wengi walikuwa wageni waliokuja kutafuta kazi. Wakosoaji wake husema chini ya meya Mwafrika ukuta wa rangi uligeuka ukuta wa pesa: mwenye nazo akahamia Kilimani, asiye nazo akabaki Mathare. Ni kweli, na Rubia mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofanikiwa sana kibiashara. Ila kumtwika yeye mzigo wa makazi ya jiji zima ni kumpa meya nguvu ambazo kiti chake hakikuwa nazo.

Kutoka hapo alipanda. Mwaka 1969 aliingia bungeni kama mbunge wa Starehe, akakaa karibu miaka 20, na chini ya Rais Moi akapata uwaziri. Hapa ndipo hoja ya wakosoaji inapouma. Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu 2A cha Katiba, kilichoifanya Kanu kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Halikuchukua muda, na hapakuwa na kura ya kupinga. Rubia alikuwa mbunge. Kifungu kilekile alichokuja kukikataa hadharani miaka minane baadaye kilipita na yeye akiwa mwakilishi wa watu wa Starehe. Wanaomsifu hulikwepa jambo hili, na nadhani wanakosea. Kumheshimu mtu si kufuta kurasa za maisha yake.

Lakini ratiba haiwaachi wakosoaji nao salama. Kanu ilipoamua mwaka 1986 kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa mlolongo, Rubia alisimama kuupinga, naye bado alikuwa na kiti. Kwa asiyeuona, mlolongo ulikuwa hivi: wapiga kura walijipanga mchana kweupe nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, chifu na majirani wakiwatazama. Mpangaji alisimama akijua mwenye nyumba anaona yuko mstari gani. Wakahesabiwa vichwa, kisha wakatawanyika kwenda makwao. Hapakubaki karatasi wala sanduku. Mgombea akidai amedhulumiwa, angehesabu nini upya? Viongozi wa makanisa nao waliupinga. Mwaka 1988 utaratibu huohuo ukatumika, na sehemu kadhaa za nchi waliokuwa na mstari mfupi walitangazwa washindi. Starehe, Rubia alitangazwa kushindwa na Kiruhi Kimondo.

Kwa hiyo madai kwamba alianza kusema baada ya kupoteza kiti yamepindua mpangilio. Alisema kwanza, kiti kikapotea baadaye. Naikubali nusu ya lawama, ile ya 1982. Nusu nyingine naikataa.

Kuna jambo moja ambalo naona halipewi nafasi yake. Kufikia 1990, jiji alilowahi kuliongoza halikuwa na meya. Baraza lake la madiwani lilivunjwa mwaka 1983 na mahali pake pakawekwa tume iliyoteuliwa. Mei 1990 askari kanjo wa tume hiyo walivamia kijiji cha Muoroto kubomoa vibanda, wakazi wakapambana nao. Ukibomolewa na baraza, walau kuna diwani wa kumlilia na wa kumwangusha uchaguzi ukifika. Watu wa Muoroto hawakuwa naye. Mwezi huohuo, tarehe 3, Rubia na Matiba walikuwa wameita waandishi wa habari na kutaka chama kimoja kiondolewe. Waliomba kibali cha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakanyimwa. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Siku tatu baadaye vijana walifika Kamukunji bila wao, na ghasia zikazuka.

Rubia alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na mali ya kumtosha kustaafu kwa raha. Aliyetaka maslahi tu angerudi Kanu kuomba radhi, kama walivyofanya wengi, na pengine angepokelewa. Yeye aliachiliwa mwaka 1991 afya yake ikiwa imedhoofika. Desemba mwaka huo kifungu 2A kilifutwa, na Desemba 1992 wakazi wa Nairobi wakachagua madiwani tena baada ya miaka tisa ya tume. Rubia hakurudi bungeni wala kwenye baraza hilo. Alifariki Desemba 2019 akiwa na miaka 96.